Diplomacy: mchezo wa ubao ambamo nguvu yako huandikwa kwenye karatasi ya mwenzako

Nimeucheza mchezo wa Diplomacy kwa miaka kadhaa, mara nyingine mezani na watu sita wengine, mara nyingine kwa mtandao na watu nisiowajua, na kila nikimaliza huona kwamba nimejifunza jambo kuhusu mamlaka ambalo hotuba za uongozi hazijawahi kunieleza vizuri. Kwa sababu hiyo tathmini hii haitaishia kwenye ubora wa ubao na vipande. Nitaeleza jinsi mchezo wenyewe unavyofanya kazi, kwa kuwa ni katika kanuni zake chache ndipo lilipo somo la jinsi mtu anavyopata nguvu juu ya wenzake, anavyoitunza, na anavyoipoteza huku akiiangalia kwa macho yake mawili.

Mchezo huu ulibuniwa na Mmarekani Allan Calhamer mwaka 1954. Alikuwa amesoma historia katika Chuo Kikuu cha Harvard, na alivutiwa hasa na namna mataifa makubwa ya Ulaya yalivyozuiana na kushikana mikono katika karne ya 19. Kampuni za michezo zilipoukataa, aliuchapisha mwenyewe mwaka 1959, nakala 500. Baadaye alifanya kazi ya kusambaza barua za posta kwa miaka mingi, na alifariki mwaka 2013 akiwa ameacha mchezo ambao watu wa mabara mbalimbali bado wanaucheza. Ubao wake ni ramani ya Ulaya ya mwaka 1901, yenye mataifa saba: Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Italia, Austria-Hungaria, Urusi na Uturuki. Kila mchezaji hushika taifa moja na kuanza na vikosi vitatu, vya nchi kavu au vya manowari, isipokuwa Urusi inayoanza na vinne. Katika ramani mna vituo vya ugavi 34, na idadi ya vikosi unavyoruhusiwa kuwa navyo hulingana na idadi ya vituo unavyovishika. Atakayefikisha vituo 18 ameshinda.

Hadi hapo mtu anaweza kudhani kwamba huu ni mchezo wa vita kama mingine. Tofauti yake inaanzia kwenye kanuni moja ambayo mgeni huisoma haraka bila kuitilia maanani: vikosi vyote vina nguvu sawa. Hakuna jenerali hodari wala silaha bora, na hakuna dadu ya kukupa bahati. Jeshi moja likishambulia eneo lenye jeshi moja, hakuna kinachotokea. Wote hubaki walipokuwa. Ili umwondoe aliyekalia eneo, ni lazima kikosi kingine kilicho jirani kiache kazi zake zote za msimu huo (kila mwaka wa ubaoni una misimu miwili) na kuandika kwamba kinakuunga mkono. Wawili humshinda mmoja, watatu huwashinda wawili, na hesabu inaishia hapo. Kwa kuwa mwanzoni una vikosi vitatu tu, na vimetawanyika, huwezi kufika mbali kwa vikosi vyako peke yako. Msaada unaouhitaji uko kwenye karatasi ya amri za mtu mwingine, naye hana sababu yoyote ya kukupa isipokuwa ile utakayompa wewe.

Kanuni ya pili inaikamilisha ya kwanza. Msaada ni lazima utaje tendo lenyewe. Nikiandika kwamba jeshi langu la Burgundy linaunga mkono jeshi la Ujerumani kutoka Ruhr kwenda Ubelgiji, na Mjerumani akaamua kwenda Uholanzi, msaada wangu umepotea bure. Aidha, kikosi kinachotoa msaada kikishambuliwa na adui kutoka eneo jingine lisilo lile linaloshambuliwa kwa msaada huo, msaada wake hukatika hata kama shambulio lenyewe halikufanikiwa. Nilichukua muda mrefu kuielewa maana ya kanuni hii. Asiyeweza kumkabili mwenye nguvu ana njia nyingine: amshughulishe yule anayemuunga mkono, amgongee mlango kila msimu, mpaka mwenye nguvu ajikute amesimama peke yake. Tawala nyingi za kweli zimeanguka hivyo, bila mtu kuligusa kasri la mtawala.

Sasa fikiria namna amri zinavyotolewa. Kabla ya kila msimu wachezaji hupewa muda wa kuzungumza. Sisi hujipa nusu saa mwanzoni, na robo saa kwa kila msimu unaofuata. Katika muda huo watu huinuka mezani wakaenda wawili wawili kwenye korido, jikoni, au barazani. Huko huahidiana, huonyana, hubembelezana, na hakuna ahadi yoyote inayomfunga mtu kikanuni. Muda ukiisha, kila mmoja huandika amri zake kwa siri, karatasi zikakunjwa na kuwekwa pamoja, kisha zikasomwa zote kwa mara moja. Dakika ile ya kusoma ndiyo moyo wa mchezo. Nimewahi kumwona mtu mzima, mtulivu kazini na nyumbani, akishindwa kuendelea kusoma karatasi ya mwenziwe kwa sababu alikuta limeandikwa jina la mji wake mwenyewe.

Mara ya kwanza kabisa nilishika Austria-Hungaria, ambayo iko katikati ya watu watatu wenye njaa: Italia, Urusi na Uturuki. Mwenzangu wa Italia alinijia mapema, tukakubaliana kwamba mpaka wetu wa Venice na Trieste tuuache katika amani. Nikafurahi sana, nikaamini kwamba jambo hilo limekwisha. Nikaipeleka manowari yangu kutoka Trieste hadi Albania na jeshi la Budapest hadi Serbia, na robo saa yote iliyofuata nikaitumia kuzungumza na Mrusi na Mturuki, kwa kuwa hao ndio niliowaogopa. Karatasi za mwisho wa mwaka 1901 ziliposomwa, nilikuwa nimeipata Ugiriki kama nilivyopanga, na jeshi la Italia lilikuwa limekaa Trieste, katika mji nilioutoka mwenyewe na kuuacha wazi. Baada ya mchezo nilimuuliza sababu. Alinijibu kwa upole: “Ndugu yangu, tangu tukubaliane hukurudi kwangu hata mara moja. Niliona unazungumza na kila mtu isipokuwa mimi, nikajua kwamba mimi ndiye ninayefuata.”

Jibu hilo limenikaa kichwani kuliko ushindi wowote nilioupata baadaye. Hakunishambulia kwa sababu ya chuki wala kwa sababu nilikuwa dhaifu kuliko wengine. Alinishambulia kwa sababu nilimfanya ajione hana kazi kwangu. Mkataba niliodhani ni mali niliyokwisha kuipata ulikuwa kitu kinachohitaji kulishwa kila siku, na mimi niliuacha ukafa kwa njaa. Tangu hapo, nikiwa na mshirika, humrudia kila msimu hata kama sina jipya la kumwambia, nikamweleza ninachokiona, nikamuuliza anaogopa nini, na nikahakikisha kwamba katika amri zangu kuna angalau moja inayomletea faida ya wazi. Mkono mtupu haulambwi, na katika ubao huu hilo ni hesabu inayoonekana kabisa kwenye karatasi.

Watu wengi wanaosikia habari za Diplomacy huambiwa kwamba ni mchezo wa waongo, na kwamba bingwa wake ni yule anayewageuka wenzake mara nyingi zaidi. Sikubaliani. Anayewageuka wenzake mara nyingi huuza mtaji wake wote asubuhi, na jioni hana wa kumkopesha. Mchezo kamili unaweza kuchukua miaka kumi ya ubaoni, yaani misimu ishirini ya mazungumzo, na aliyesema uongo katika msimu wa pili atalazimika kukaa na watu walewale kwa misimu kumi na minane iliyobaki. Wachezaji bora niliowahi kukutana nao husema ukweli karibu kila mara, huahidi machache, na wanapoamua kumgeuka mtu humgeuka mara moja, kwa pigo ambalo halimwachii nguvu ya kulipiza. Mwenye kumchokoza mwenzake kwa kumnyang’anya kituo kimoja na kumwachia vinne amejitengenezea adui bila kujitengenezea nafasi.

Novemba 2022 watafiti wa kampuni ya Meta walitangaza programu ya akili mnemba waliyoiita Cicero, iliyocheza Diplomacy mtandaoni katika michezo 40 dhidi ya watu, ikazungumza nao kwa maandishi, na ikaingia katika asilimia 10 ya juu ya wachezaji walioshiriki zaidi ya mchezo mmoja. Waliitengeneza iwe mkweli kwa kiasi kikubwa kwa wale inaozungumza nao, ingawa watafiti wengine walionyesha baadaye mifano ya mazungumzo ambamo iliahidi jambo moja na kutenda jingine. Kwangu mimi mambo yote mawili yana uzito. Kompyuta ilikuwa imewashinda mabingwa wa sataranji tangu mwaka 1997, lakini katika mchezo huu ilibidi ijifunze kwanza kuomba, kushawishi na kueleza nia yake kwa namna ambayo mtu atakubali kuiandikia msaada. Na hata ilipojengwa kwa nia ya ukweli, hali ya ubao ilipobadilika ahadi zake nazo zilibadilika, jambo ambalo kila mchezaji aliyewahi kusema “nitakulinda” huku akimaanisha hivyo kwa dhati atalitambua.

Kupata nguvu, basi, ni kukopa, na kuitunza ni kulipa kwa wakati. Sehemu inayoumiza zaidi, na ambayo kwa maoni yangu hakuna mchezo mwingine unaoionyesha vizuri kama huu, ni ya kuipoteza. Katika mchezo mmoja nilishika Ufaransa na mambo yakaninyookea. Kufikia mwaka 1907 wa ubaoni nilikuwa na vituo 15. Uingereza ilikuwa imekwisha, Italia imekwisha, na Ujerumani ilikuwa imebakiwa na jeshi moja tu, Berlin. Mchezaji wake alikuwa binti mpole aliyekuwa akicheza kwa mara ya kwanza, na tangu mwanzo alikuwa amenisaidia kila nilipomwomba. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimekichukua kituo chake cha Kiel. Sikuwa na haja kubwa nacho. Nilikichukua kwa sababu kilikuwa mbele yangu na hapakuwa na wa kunizuia. Nilimwambia kwamba Berlin itabaki yake, naye akasema sawa.

Nilipogeuka kuitazama meza niliona jambo ambalo sikulipa uzito. Mrusi na Mturuki, waliokuwa wakipigania Bahari Nyeusi tangu msimu wa kwanza na kurushiana maneno makali mbele yetu sote, waliinuka pamoja na kutoka nje. Walirudi kimya. Hawakuwa wamependana ghafla. Walikuwa wamehesabu vituo vyangu. Nilikuwa nimefikia kiwango ambacho kila mtu mezani ananiogopa mimi zaidi ya anavyomwogopa jirani yake, na kiwango hicho hakiandikwi popote kwenye kanuni. Walinyoosha mstari mmoja wa majeshi yanayoungana mkono, Mrusi akakaa Munich, na jeshi lake jingine la Bohemia likamuunga mkono.

Nilikuwa na njia moja ya kupita. Jeshi langu la Burgundy lingeishambulia Munich, la Ruhr lingeliunga mkono, na jeshi lile moja la Berlin lingeongeza msaada wa tatu. Watatu kwa wawili: Munich ingekuwa yangu, na mstari wao ungepasuka. Nilikwenda kwa yule binti, nikamweleza kwa makini, nikamwahidi kumrudishia Kiel. Alinisikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa. Karatasi zikasomwa. Ya Ufaransa ilikuwa kama nilivyoeleza. Ya Urusi, Munich inashikilia, Bohemia inaunga mkono. Ya Ujerumani ilikuwa na mstari mmoja, kwa mwandiko mdogo ulionyooka: Berlin inaunga mkono Munich kushikilia. Wawili dhidi ya watatu, na wawili walikuwa mimi.

Sikupita tena. Baada ya misimu mitatu ya kugonga ukuta tulikubaliana sare ya watu wanne, na kwa kanuni za mchezo sare hugawanywa sawa kwa waliobaki, kwa hiyo aliyekuwa na jeshi moja aliondoka na fungu lilelile nililoondoka nalo mimi mwenye vituo 15. Alinieleza kwamba Kiel haikumkasirisha sana. Kilichomfanya abadilike ni kwamba siku niliyoichukua sikumwambia kabla, akaikuta kwenye karatasi kama adui yeyote. “Ulikuwa unaniomba nikiwa na faida,” alisema, “na ulinisahau nilipoonekana sina.” Maneno yake yalikuwa karibu yaleyale niliyoambiwa na mwenzangu wa Italia miaka kabla, nami nilikuwa nimejisifu kwamba nimekwisha kujifunza.

Hizo ndizo sifa za mchezo huu, na ni kubwa. Kasoro zake nazo si ndogo. Kwanza, ni mrefu mno. Tenga saa sita na usishangae zikizidi. Pili, anayetolewa mapema hukaa bila kazi huku wenzake wakiendelea kwa saa nyingi, na katika watu saba karibu kila mara yuko mmoja atakayepatwa na hilo. Tatu, unaumiza. Wapo watu ambao hawawezi kutenganisha ahadi iliyovunjwa mezani na urafiki wao wa kila siku, na hilo si udhaifu wa kuchekwa, kwa sababu sauti inayodanganya katika mchezo ni ileile inayowasalimia asubuhi. Tunapoanza na mgeni mimi humwambia waziwazi kwamba huenda nikamgeuka, na akiona itamchoma sana, basi tucheze kitu kingine.

Kasoro ya nne ni ya ramani, nami huifikiria kila nikiikunjua. Vituo 12 kati ya 34 havina mchezaji: Serbia, Ubelgiji, Bulgaria, Norwe, Tunis na vingine. Katika ubao hivyo ni vitu vya kugawana. Historia haikuwa hivyo hata kidogo. Mwaka 1901 Tunis ilikuwa tayari chini ya himaya ya Ufaransa tangu mwaka 1881, Norwe ilikuwa katika muungano na Uswidi hadi mwaka 1905, na makoloni ya mataifa yale, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakilisha sehemu ya nguvu zao, hayaonekani isipokuwa ukingo wa kaskazini mwa Afrika. Mchezo unafundisha vizuri sana jinsi wenye nguvu wanavyoshughulika na wenye nguvu wenzao, lakini haufundishi chochote kuhusu anayetawaliwa, namna anavyogoma, anavyokawia, anavyokataa kulipa kodi, na namna ukataaji huo ulivyowahi kuzing’oa dola. Anayetaka kuyaelewa mamlaka kwa ukamilifu asidhani kwamba ameyaona yote hapa.

Kuhusu vifaa sina mengi ya kusema. Toleo nililo nalo lina ubao mgumu unaosomeka vizuri na vipande vya plastiki visivyo na uzuri wowote, na hayo yanatosha. Mtandaoni mchezo hupatikana bila malipo katika tovuti kama webDiplomacy na Backstabbr, ambako kila msimu unaweza kupewa saa 24 au zaidi. Huko tatizo la muda linapungua, na mtu hupata nafasi ya kupima maneno yake kabla ya kuyatuma; hata hivyo huwezi kumwona mwenzako akikwepa macho yako, nami hulikosa hilo. Kucheza kwa mbali si jambo geni, kwani watu walikuwa wakiucheza kwa barua tangu mwaka 1963.

Kwa wanaokusudia kuuanza, ushauri wangu ni kwamba mpate watu saba kamili, maana kwa watano au sita mizani ya ramani huharibika. Mkubaliane mapema mwaka wa kumaliza, kwa mfano 1908, ili kila mtu ajue atarudi nyumbani saa ngapi. Mteue mtu wa kushika saa bila huruma. Wageni wapewe Uturuki, Uingereza au Ufaransa, nchi za pembeni ambazo haziondolewi haraka, na Austria na Italia zishikwe na waliokwisha kucheza. Atakayepata Austria asiondoke Trieste kabla hajaenda kumsalimia Mtaliano kwa mara ya pili.